Rejista ya huduma: Ukishaiwasha, usiiache wazi

Tuseme umepata kibarua cha kompyuta kwenye sacco ya matatu. Programu ya tiketi inaongea na ya malipo, ya malipo inaongea na ile inayotuma SMS, na ya hesabu inaongea na zote. Aliyeziunda aliandika anwani za seva ndani ya kila programu, kisha akapata kazi kwingine. Leo seva ya malipo inahamishwa. Wajua kitakachofuata? Utafungua programu moja baada ya nyingine ukisaka anwani ya zamani, abiria wako foleni, na kondakta anakupigia simu kila dakika mbili.

Dawa yake ni rejista ya huduma. Ichukulie kama kitabu cha simu: programu haikariri anwani ya mwenzake, inauliza kitabuni. Seva ikihama, unabadilisha mstari mmoja, basi.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka wa 2000, IBM, Microsoft na Ariba zilianzisha mpango wa UDDI, zikitaka kampuni za dunia nzima ziandikishe huduma zao mahali pamoja palipo wazi kwa wote. Haikushika. Januari 2006, IBM, Microsoft na SAP zilizima rejista hiyo ya umma. Lakini rejista za ndani ya kampuni ziliendelea, na ndiyo maana ukikabidhiwa mfumo wa zamani wa SOAP unaweza kuikuta UDDI imekaa pale inakungoja.

Ya kujifunzia ni Apache jUDDI. Ni ya bure, imeandikwa kwa Java, na kifurushi chake kinakuja na seva ya Tomcat tayari ndani. Hakikisha Java ipo na JAVA_HOME imewekwa, fungua zip, ingia kwenye folda ya bin ya Tomcat, endesha startup.sh (wa Windows, startup.bat), halafu fungua localhost:8080/juddiv3 kwenye kivinjari. Ni hivyo tu. Mimi niliacha chuo, na Tomcat haijawahi kuniitisha cheti.

Kama poti 8080 imeshikwa na programu nyingine, ibadilishe kwenye conf/server.xml. Usiishie hapo, kwa sababu faili za mipangilio za jUDDI zenyewe zinataja poti hiyohiyo. Data nayo huwekwa kwenye Derby, hifadhidata ndogo inayokuja na kifurushi. Kwa mazoezi inatosha. Kwa kazi ya watu, hamia MySQL au PostgreSQL.

Ukishaingia utakutana na majina ya kuogofya: businessEntity, businessService, bindingTemplate, tModel. Yasikutishe. Ni nani anatoa huduma, anatoa huduma gani, inapatikana anwani gani, na inafuata kanuni zipi za mawasiliano.

Sasa hapa ndipo nataka utulie kidogo. Mwongozo wa jUDDI unasema wazi kwamba kithibitishaji chake cha kawaida, JUDDIAuthenticator, huangalia tu kama jina la mtumiaji limo kwenye orodha ya wachapishaji. Neno la siri hakikagui. Andika lolote, utapita mradi jina lipo. Kwenye laptopu yako nyumbani, sawa. Lakini rudi kwa ile sacco: mtu yeyote aliye kwenye mtandao wa ofisi, anayejua tu jina la aliyeiandikisha huduma ya malipo, anaweza kubadilisha anwani ya huduma hiyo ielekee kwa seva yake. Programu ya tiketi itauliza kitabuni kama kawaida, itajibiwa, na itapeleka maelezo ya wateja huko bila wasiwasi wowote. Hakuna kitu kitakachoonekana kimevunjika. Pesa ikikosekana, wa kwanza kuulizwa ni wewe uliyeiweka.

Kwa hivyo kabla hujaandikisha huduma hata moja, fungua juddiv3.xml, ubadilishe kithibitishaji. Kuna XMLDocAuthenticator kinachosoma majina na maneno ya siri kutoka faili, kuna CryptedXMLDocAuthenticator ambacho maneno hayo huwa yamefichwa, na kuna cha LDAP kama kampuni tayari ina orodha ya wafanyakazi. Badilisha pia maneno ya siri yaliyokuja na Tomcat. Kila aliyepakua kifurushi anayo.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hulipuuza. jUDDI haijui kama huduma imekufa. Seva ikizimika, anwani yake inabaki kitabuni mpaka mtu aifute. Eureka, rejista iliyotoka Netflix, hufanya kinyume: kila huduma hutuma ishara kila sekunde 30, na ikinyamaza kwa sekunde 90 inaweza kuondolewa. Kwa mfumo mpya ningechagua hiyo, sitaki mchezo. Kwa ule wa SOAP uliorithi, mwambie bosi mapema ni nani atakuwa anafuta anwani zilizokufa, na jina lake liandikwe.

Wikendi hii jaribu hivi: andikisha huduma mbili za uongo, ingia kwa neno la siri ulilobuni tu, uone kama utakubaliwa. Halafu badilisha kithibitishaji, anzisha Tomcat upya, ujaribu kuingia tena kwa neno lilelile.