Pai, viazi na mchuzi wa kijani: chakula cha London kinachohama na wenyewe

LONDON – Mwislamu anayeingia kwa mara ya kwanza katika duka la pai la mashariki ya London, akainua macho kusoma orodha ya vyakula ukutani, atakutana na neno litakalomfanya auangalie mlango: liquor. Pai, viazi vya kuponda, na liquor juu yake. Katika Kiingereza cha kawaida neno hilo ni kileo kikali, na si ajabu mtu akaaga kwa adabu na kwenda zake.

Lakini ndani ya sahani ile hamna hata tone la pombe. Liquor ya wauza pai ni mchuzi mwepesi wa kijani unaotengenezwa kwa siagi, unga wa ngano, supu na majani mengi ya pasili yaliyokatwakatwa. Pasili ukiiona sokoni utadhani ni kotmiri, ila harufu yake ni nyingine kabisa. Jina lilitokana na maji yaliyochemshiwa mikunga, namaanisha yule samaki mrefu kama nyoka, si mama anayezalisha wanawake. Zamani maji hayo hayakumwagwa, ndiyo yaliyokuwa supu ya mchuzi. Leo maduka mengi hutumia supu nyingine, lakini jina limebaki.

Sahani yenyewe haina mbwembwe. Pai ni ya umbo la yai, imejaa kima ya ng'ombe, unga wa chini umekandwa kwa mafuta ya figo za ng'ombe ili uwe mlaini, na wa juu ni mkavu unaovunjika. Viazi havichotwi kwa upawa vikawekwa kama mlima. Vinapakwa ukingoni mwa sahani kwa mwiko, kama fundi anavyopiga lipu. Kisha mchuzi wa kijani unamwagwa. Mwenyeji huipindua pai kichwa chini, huitoboa, na kumimina siki ya pilipili. Analia uma na kijiko. Ukiomba kisu wanajua hapo hapo kwamba umetoka mbali.

Hiyo siki ya pilipili ndiyo inayomshangaza Mswahili. Tumezoea kuambiwa kwamba Mwingereza hajui pilipili, kumbe chupa imo mezani na kwa wateja wa siku zote pai bila siki hiyo haijakamilika. Ukionja bila siki utasema chakula kimepooza, na utakuwa na haki. Ukiitia, nyama inaamka.

Pai London ni chakula cha watu wa kipato cha chini tangu zamani. Henry Mayhew, mwandishi wa habari aliyezunguka mitaani kuzungumza na maskini wa jiji hili na kuchapisha kazi yake mwaka 1851, aliwaeleza wachuuzi wa pai waliotembea na vyungu vya makaa. Bei ilikuwa peni moja, lakini wateja wengi walipenda kurusha sarafu. Mteja akishinda anapata pai bure; akishindwa, mchuuzi anachukua peni na pai inabaki. Mchuzi wa wachuuzi hao ulikuwa maji ya chumvi yaliyotiwa rangi. Mchuuzi alitoboa pai kwa kidole chake kidogo na kuumimina humo mpaka kifuniko kikainuka, pai ikaonekana imeshiba. Anayesema ujanja wa biashara ya chakula umeletwa na maduka makubwa ya siku hizi amsome Mayhew.

Wakati huo pai nyingi zilikuwa za mikunga, kwa kuwa mkunga alikuwa rahisi kuliko nyama. Na hata hao hawakuwa wote wa mto Thames. Kwa karne kadhaa mashua za Waholanzi zilitia nanga karibu na soko la samaki la Billingsgate zikiuza mikunga hai. Mkunga mwenyewe, tukitaka kufuatilia nasaba, huzaliwa mbali sana, katika bahari ya Sargasso huko Atlantiki, na huvuka bahari angali mdogo mpaka mito ya Ulaya. Sasa ameadimika. Tangu mwaka 2008 mkunga wa Ulaya yumo katika orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na bei yake imepanda hivyo hivyo.

Ni vyema kulikumbuka hilo la wageni, kwa sababu pai na viazi leo husemwa kuwa ndicho chakula cha Mwingereza halisi wa London, yule anayeitwa Cockney. Tazama majina juu ya milango. Koo tatu ndizo zilizotawala biashara hii: Cooke, Kelly na Manze. Kelly ni jina lenye asili ya Ireland. Manze ni Waitaliano. Michele Manze aliletwa London na wazazi wake mwaka 1878 akiwa mtoto mdogo, kutoka Ravello, kusini mwa Italia. Familia ilianza kwa kuuza barafu, ikaingia kwenye aiskrimu, na mwaka 1902 Michele akashika duka la pai la Tower Bridge Road lililofunguliwa na Robert Cooke miaka 10 kabla. Duka hilo ndilo kongwe kuliko yote ya aina yake yaliyosalia. Kwa hiyo mlezi mkubwa wa chakula hiki cha "wenyeji" alikuwa mtoto wa mhamiaji aliyeshuka melini bila Kiingereza.

Nalisema hili kwa makusudi. Kila duka la pai linapofunga husikika sauti, vijiweni na kwenye mitandao, kwamba wageni wameiua. Wameleta kababu, wameleta kuku wa kukaanga, na mzee wa Kiingereza amekosa pa kula. Sisi tulio wageni hapa tunapaswa kulijibu dai hili kwa hoja na si kwa hasira, maana maduka kweli yanafunga. La ukoo wa Cooke lililokuwa Broadway Market, lililofunguliwa mwaka 1900, sasa linauza miwani. La Manze huko Deptford lilifungwa mwanzoni mwa 2025, mwenyewe alipostaafu.

Lakini wateja walianza kuondoka muda mrefu kabla yetu. Mabomu ya Vita Vikuu vya Pili yalibomoa mitaa mizima ya mashariki ya London. Baada ya vita serikali ikajenga miji mipya, kama Harlow mwaka 1947 na Basildon mwaka 1949, yote katika jimbo la Essex, na familia zikahamishiwa huko kwenye nyumba zenye bafu na bustani. Bandari zilipofungwa, kazi zikaondoka na wanaume waliobaki. Kisha kodi za pango zikapanda mpaka pai ya bei ya chini isiweze kuzilipa. Na watoto wa wenye maduka, waliosomeshwa kwa fedha ya pai hizo hizo, hawakutaka kuamka alfajiri kukanda unga. Aliyenunua kababu jana usiku hahusiki.

Serikali imejaribu kuhifadhi, ila kwa namna ya ajabu. Duka la Cooke la Dalston, la mwaka 1910, liliwekwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, kisha likawa mkahawa wa Kichina. Wateja wakala tambi huku wakitazamwa na mikunga waliochorwa kwenye vigae vya ukutani. Duka la Manze la Walthamstow, la mwaka 1929, nalo liliorodheshwa mwaka 2013. Sheria inalinda vigae na meza za marumaru. Pai haimo.

Ndiyo sababu mwaka 2024 mbunge mmoja wa Essex alipeleka suala hili Bungeni, akitaka pai na viazi vya Cockney vitambuliwe rasmi kama chakula cha jadi. Kilichovutia ni aina ya utambulisho ulioombwa. Upo ule unaofunga chakula na mahali: pai ya nyama ya nguruwe ya Melton Mowbray iliupata mwaka 2009, na pasti ya Cornwall mwaka 2011, hivyo pasti iliyoandaliwa nje ya Cornwall haiwezi kuuzwa kwa jina hilo. Kwa pai ya London uliombwa mwingine, unaolinda jinsi ya kupika bila kujali mji. Haikuwezekana vinginevyo. Mlaji yuko Essex na Kent sasa, na duka limemfuata. Walihama kama sisi, wakabeba sahani yao.

Hata hao wa Cornwall wanajua habari ya kuhama. Katika karne ya 19 wachimba madini wao walikwenda Mexico kwenye migodi ya fedha ya Pachuca na Real del Monte. Migodi ilikwisha, pasti ikabaki. Mpaka leo inauzwa katika miji hiyo kwa jina la paste, na ndani yake utakuta pilipili na vitu ambavyo bibi yake wa Cornwall asingevitambua. Wengine walifika Michigan huko Marekani, ambako wajukuu wanabishana kama pasti iliwe na mchuzi wa nyama au na tomato.

Na kweli, mabishano ya pai mara nyingi si juu ya pai yenyewe. Ni juu ya kinachowekwa pembeni. Kaskazini mwa Uingereza ukimmwagia mtu mchuzi wa pasili atakuuliza una maana gani. Kule pai inataka mchuzi mzito wa nyama na njegere zilizopondeka. Njegere hizo hukaushwa zikiwa zimekomaa, hulowekwa usiku kucha pamoja na magadi ya kuokea, kisha huchemshwa mpaka zinajivunja zenyewe. Mama aliyewahi kutia magadi kwenye kunde anaijua kazi hiyo. Watu wa Wigan huitia pai nzima ndani ya mkate wa mviringo, unga ndani ya unga, na hawataki ushauri. Adelaide, Australia, pai huelea katikati ya supu nzito ya njegere na kupakwa sosi ya nyanya juu. Na Peckham, kusini mwa London, ambako duka la Manze lilichomwa katika ghasia za 1985 na kufunguliwa tena mwaka 1990, mtaa huo huo unauza pai ya Kinigeria yenye nyama, viazi na karoti, inayoliwa mkononi na soda baridi.

Sasa tuje kwenye meza zetu, maana wasomaji wa Ughaibuni wana swali moja kabla ya yote: tunaweza kula? Liquor haina kileo, hilo limekwisha. Mkunga, kwa madhehebu ya Shafi ambayo ndiyo ya wengi wa pwani, hana tatizo. Ndugu zetu Mashia hawali samaki asiye na magamba. Tatizo ni nyama na mafuta. Kima ya duka la kawaida haikuchinjwa kwa namna yetu. Unga wa baadhi ya pai za madukani hukandwa kwa mafuta ya nguruwe, kwa hiyo maandishi madogo nyuma ya pakiti yasomwe mpaka mwisho. Na ukifika hapo angalia pia kiasi cha nyama. Kwa sheria ya hapa, pai ya gramu 200 au zaidi inaruhusiwa kuitwa pai ya nyama ikiwa na nyama asilimia 12.5 tu. Kilichobaki ni unga na matumaini.

Dawa ni kuoka nyumbani. Kima ya buchani kwa Mwislamu, kitunguu, pilipili manga, chumvi na unga kidogo wa kuushika mchuzi. Ipoe kabisa kabla ya kuifunika, la sivyo unga wa chini utalowa. Kwa kukandia, siagi inatosha, au yale mafuta magumu ya mboga yanayouzwa badala ya mafuta ya figo. Anayeweza kufunga sambusa hashindwi na pai.

Na pembeni? Hapa naomba nisigombane na mtu. Pai ya nyama ni nzito na ina mafuta, inataka kitu kikali cha kuikata. Waingereza walitatua kwa siki, sisi tunayo ndimu, ukwaju na achari ya embe. Kachumbari ya kitunguu kilichooshwa kwa chumvi inaipendeza pai kuliko saladi ya majani makavu. Mchicha uliokaangwa kidogo unafanya kazi ile ile ya njegere. Wali sikushauri, unga unatosha. Chipsi ndiyo wanaitia Waingereza wenyewe na watoto wataidai, wape. Sosi ya tomato ya chupa ina sukari nyingi na inafunika ladha ya nyama, ingawa Nairobi na Mombasa, ambako pai hukaa kwenye kabati la kioo pamoja na sambusa na soseji, wengi hawaielewi pai bila hiyo na chai ya maziwa. Kuhusu chai wako sahihi.

Atakayetaka kuionja ya asili aende Tower Bridge Road mchana, siku ya kazi. Jumamosi foleni hutoka nje ya mlango, na wengi wa waliopanga wamepanda treni kutoka Essex.