Je, Wajua? Kikosi Kimoja, Skrini Nne

Je, wajua kwamba Baldur's Gate 3, mchezo uliotoka Agosti 2023, unaruhusu watu wanne kucheza hadithi moja huku kila mmoja akishika njia yake? Mmoja anambembeleza mlinzi getini, mwingine anafungua sanduku lisilo lake, wa tatu keshaanzisha vita. Skrini zote nne zikirekodiwa, mhariri ndiye anayeamua mtazamaji amfuate nani. Hapo ndipo mfululizo wa video unapozaliwa, wala si kwenye vita vyenyewe.

Je, wajua mzigo wa kurekodi hivyo? Ukirekodi kwa megabiti 20 kwa sekunde, saa moja ni GB 9. Watu wanne kwa saa tatu ni GB 108, na bado hujakata hata fremu moja.

Je, wajua jinsi ya kuzioanisha video hizo? Mmoja ahesabu tatu, mbili, moja, kisha kila mtu apige kofi moja mbele ya maiki yake. Kwenye mchoro wa sauti kofi husimama kama mwiba. Sogeza miiba yote ikae mstari mmoja. Kama mnacheza kila mtu kwake, intaneti huchelewesha sauti kidogo, hivyo malizia kwa tukio ambalo wote wameliona, mlango unaofunguka kwa mfano.

Je, wajua kwamba OBS Studio, programu ya bure, hurekodi hadi njia sita za sauti ndani ya faili moja? Sauti yako iweke njia yake, ya wenzako yake, muziki wa mchezo yake. Rafiki akikohoa juu ya maneno mazuri kuliko yote ya usiku ule, utashukuru. Na rekodi kwa faili la aina ya MKV: umeme ukikatika, faili la kawaida la MP4 mara nyingi halifunguki tena, ila la MKV hubaki na yote yaliyokwisha kurekodiwa.

Katika mchezo wa Divinity: Original Sin wa mwaka 2014, wachezaji wawili wakitofautiana katika mazungumzo, ubishi huamuliwa kwa jiwe, karatasi na mkasi. Usikate hata sekunde hapo!

Je, wajua kuhusu Critical Role? Ni waigizaji wa sauti wa Marekani wanaocheza Dungeons & Dragons mezani, na walianza kurusha mchezo wao mubashara Machi 2015, vipindi vya saa tatu, nne. Mwaka 2019 waliwaomba mashabiki dola 750,000 za kutengenezea katuni, wakachangiwa zaidi ya milioni 11. Katuni hiyo, The Legend of Vox Machina, inasimulia safari yao ileile kwa sehemu za takriban nusu saa. Nami naona somo kubwa lipo hapo: katika pambano refu bakisha uamuzi, kete na kelele za wenzako. Kete ya pande 20 ikiwa inazunguka, usiweke muziki. Acha pumzi zisikike.

Je, wajua kwamba Red vs. Blue, mfululizo ulioanza Aprili 2003, ulichezwa ndani ya mchezo wa Halo? Mchezaji mmoja aligeuka mpiga picha, alichokiona ndicho kilichorekodiwa. Wahusika wamevaa kofia za chuma, hivyo anayesema hutikisa kichwa tu, na inatosha.

Je, wajua kwamba filamu imewahi kutengenezwa kwa kutumia maandishi ya mchezo? Mats Steen wa Norway, aliyekuwa na maradhi ya kudhoofika misuli, alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 25. Wazazi wake walidhani ameishi mpweke. Baba yake alipotangaza msiba kwenye blogu ya mwanawe, zikamiminika salamu za watu waliocheza naye World of Warcraft. Kikundi chake, Starlight, kilikuwa kimehifadhi maelfu ya kurasa za mazungumzo na matendo ya wahusika wao. Kwa kurasa hizo mwongozaji Benjamin Ree akayarudisha matukio: wahusika wakachorwa kwa sura za mchezo, waigizaji wakatia sauti. Filamu hiyo, The Remarkable Life of Ibelin, ilimpa tuzo ya uongozaji huko Sundance mwaka 2024. Kwa hiyo mnapohifadhi video, hifadhini na gumzo lenu la maandishi, kwa tarehe na majina ya wahusika. Halijazi hata GB moja.