Zulia Jekundu Halina Bibi Harusi

Usiku wa kupamba, mlangoni mwa ukumbi hukaa mama mmoja na kikapu. Kazi yake ni simu. Anayeingia huitoa, hupewa kikaratasi chenye namba, hupita. Akidai kwamba kuna mtu anamngojea ampigie, huambiwa akamngojee huko huko nje. Msambweni, pwani ya kusini ya Kenya, nimeyaona hayo zaidi ya mara moja. Ndani, mabuibui huvuliwa, hukunjwa, hutiwa mikobani. Harufu ya udi na asumini hukupokea kwanza, kisha ndipo magauni yanapoonekana.

Kwa msomaji wa bara, tueleze neno lenyewe. Kupamba ni shughuli ya harusi inayohudhuriwa na wanawake peke yao. Bibi harusi hutolewa akiwa ameshapambwa, akapita polepole katikati ya wageni, akapandishwa jukwaani na kukalishwa ili atazamwe. Kutazamwa ndiyo shughuli yenyewe; chakula na nyimbo hufuata. Kwa hiyo anayesema kwamba kuhukumu mavazi ya watu mashuhuri ni mambo yaliyoletwa na televisheni hajawahi kukaa safu ya tatu, nyuma ya mashangazi wawili wanaonong'ona.

Swali la makala hii ni dogo. Tunapomtazama msanii kwenye zulia jekundu, iwe ni tuzo za Kalasha kule Nairobi au Oscar za Marekani, tukasema gauni limemkaa au limemkataa, tunakuwa tumepima nini? Watu wengi hutoa alama kabla ya kujua wanasahihisha somo gani. Hapa nitafanya kinyume: alama zitangoja mpaka mwisho.

Zulia jekundu, kwa maana inayotuhusu, ni njia fupi anayopita mgeni mashuhuri kutoka garini hadi mlangoni mwa ukumbi, huku akipigwa picha. Hollywood ilianza kulitandika mwaka 1922, kwenye onyesho la kwanza la filamu ya Robin Hood, na sherehe za Oscar zikalichukua mwaka 1961. Wekundu wenyewe si sharti: mwaka 2023 Oscar walitandika zulia la rangi ya mchanga mkavu, na watu wakaendelea kuliita jekundu. Mahakimu nao wana historia yao. Mwaka 1960 mbunifu aliyejulikana kama Mr. Blackwell alianza kutoa orodha ya kila mwaka ya wanawake waliovaa vibaya kuliko wote. Miaka ya 1990 mtangazaji Joan Rivers akasimama zuliani na kipaza sauti, na kuanzia hapo swali la kwanza kwa mwigizaji likawa nguo yake ni ya nani.

Pwani swali hilo lina jibu lililochapishwa. Tazama ukingo wa leso nyingi, yaani khanga, zinazouzwa Ukunda, utakuta maneno madogo, Mali ya Abdulla, na kando yake herufi za Kaderdina Hajee Essak, nyumba ya biashara ya Mombasa iliyoanza mwaka 1887. Alama hiyo inakwambia nani kaitoa leso. Haikwambii kama leso ni nzuri, wala kama aliyejifunga amejua kuichagua. Hayo ni mambo matatu mbalimbali, na kosa kubwa la mahakimu wa zulia ni kuyachanganya: wakisikia jina la nyumba kubwa ya Paris au Milan, alama huwa zimeshapanda.

Basi tuliweke jina la mbunifu kando tutazame kitambaa. Mama anayenunua leso Ukunda haamini taa ya dukani. Huitoa hadi barazani, akaikunjua kwenye jua, akatazama kama wekundu wake ni wekundu kweli au una uchungwa ndani yake. Huigeuza upande wa nyuma aone rangi imepenya kiasi gani, maana isiyopenya itachuja siku ya kwanza kufuliwa. Hutazama kama pindo, yaani ule mpaka unaozunguka pande zote nne, limenyooka, na kama mji, yaani sehemu ya katikati, umekaa katikati kweli. Leso huuzwa mbili pamoja zikiwa hazijakatwa, kwa hiyo humfikiria fundi pia: akikata vibaya, pindo la moja litaingia kwenye nyingine. Yote hayo hufanyika kabla neno "nzuri" halijatamkwa.

Mtazamaji wa zulia hapati baraza hilo. Anachopewa ni picha, na picha ni shahidi mwenye mapengo. Wageni wa Oscar hufika alasiri, kabla jua halijatua, lakini kila gauni humulikwa na taa za wapiga picha ambazo hung'arisha hariri na kumeza rangi nyeusi. Zaidi ya hapo, picha imesimama. Gauni hushonwa ili litembee: marinda yafunguke na kujifunga, upindo uburuzike bila kumkwaza mwenyewe, kiuno kisipande anapoketi. Ndiyo maana wapambaji wa pwani humfundisha bibi harusi hatua kabla ya kumtoa, na mashangazi wa safu ya tatu hawasemi kitu mpaka amepita, amepanda ngazi na amekaa. Anayetoa hukumu kwa picha moja amehukumu sekunde moja ya usiku mzima, tena sekunde iliyochaguliwa na mpiga picha.

Sasa shughuli. Kwa neno hili nakusudia tukio pamoja na adabu yake. Kusini mwa Diani upo msitu wa Kaya Kinondo, mmojawapo wa misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008. Mgeni haingii humo hivi hivi. Hufungwa kitambaa cheusi kiunoni, awe mtalii aliyetoka ufukweni na kaptura au profesa aliyekuja na suti. Hapo hakuna wa kumuuliza mwenzake nani kapendeza zaidi. Nguo ni ruhusa ya kuingia, basi. Kaya ni mfano wa kupita kiasi, nakubali, lakini unaonyesha jambo ambalo kila shughuli inalo kwa kadiri yake: mahali pana madai juu ya nguo kabla mvaaji hajawa na madai yake.

Zulia jekundu lina madai hafifu. Ile karamu ya kila Mei ya jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, hutangaza mada, kwa hiyo hakimu ana la kuuliza: mwaka 2025 maonyesho yalihusu ushonaji wa suti na umaridadi wa watu weusi, na wageni waliweza kupimwa kwa namna walivyoijibu mada hiyo. Sherehe za tuzo hazina mada. Husema tu uje umevaa rasmi, kisha kila mtu anajua lake.

Na hapa ndipo ninapoona ugumu wenyewe ulipo. Katika kupamba kuna mmoja mwenye shughuli. Nguo za wengine wote hupimwa kwa umbali kutoka kwake: dada yake anaruhusiwa kukaribia, rafiki akae mbali kidogo, na jirani aliyekuja kameremeta kumpita bibi harusi, huyo kesho mtaa mzima utakuwa naye. Familia nyingi huliepuka balaa hilo kwa sare: leso au kitambaa cha aina moja kwa upande mzima, ili watu wa upande huo waonekane kama kitu kimoja. Zulia jekundu halina bibi harusi. Wateule watano wa tuzo moja hufika wakati mmoja, na hakuna anayejua ni nani atakayeitwa usiku. Kila mmoja amekuja kama mgeni na kama mwenye shughuli. Ukisema "amezidi", amemzidi nani?

Wenyeji wa Mombasa walipata kuishi na hali inayofanana na hiyo. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 vyama vya wanawake vya lelemama, ngoma ya wanawake wa pwani, hasa Ibinaal Watan na Banu Saada, vilishindana hadharani kwa ngoma, maandamano na mavazi. Hapakuwa na bibi harusi wa kupimiwa. Lakini palikuwa na kitu ambacho zulia halina: pande mbili zinazojulikana. Mtazamaji alilinganisha chama na chama, kazi na kazi, na aliyeshindwa alikuwa na msimu mwingine wa kujibu.

Tukija kwa mvaaji, lazima tuseme ukweli wa kibiashara. Magauni mengi ya zuliani ni ya kuazima. Nyumba ya mitindo hulitoa gauni, msanii hulivaa usiku mmoja, hulirudisha. Kati yao yupo mshauri wa mavazi, mtu anayelipwa kuchagua, kujadiliana na kurekebisha. Kwa mwigizaji Lupita Nyong'o katika mwaka wake mkubwa wa 2014, aliposhinda Oscar, mshauri huyo alikuwa Micaela Erlanger. Kwa hiyo tunaposema msanii "ana jicho", huenda tunasifu jicho la mwingine. Mama wa Ukunda aliyetoka na leso ile ameichagua mwenyewe, kwa pesa zake, na lawama ni zake pia. Hilo halimfanyi msanii kuwa mwongo. Linatutaka tu tujue tunamsahihisha nani. Linatutaka pia tuache kuhukumu mwili kwa kisingizio cha nguo. Hapa mashangazi wangu wana hatia sawa na Joan Rivers. Unene wa mkono haukushonwa na fundi, na hakuna alama ya kuupa.

Limebaki jambo ambalo leso inalifundisha kuliko nguo yoyote niijuayo. Chini ya mji huandikwa maneno, nayo pwani huitwa jina la leso. Mnunuzi husoma jina kabla ya kuuliza bei. Leso yenye rangi za kupendeza na jina la ugomvi haipelekwi kwa mama mkwe. Yenye jina la dua humfaa mzazi aliyejifungua. Yaani nguo husema, na anayeivaa huwajibika kwa ilichosema. Gauni la zuliani halina maandishi, lakini linaweza kuwa na jina kama mvaaji atalipatia.

Tarehe 2 Machi 2014 Lupita alifika kwenye Oscar na gauni la Prada, la buluu hafifu, jepesi, lenye marinda mengi, na kamba ya dhahabu kichwani juu ya nywele zake fupi. Alipoulizwa, alisema buluu ile inamkumbusha Nairobi. Usiku huo akapewa tuzo ya mwigizaji bora msaidizi wa kike kwa filamu ya 12 Years a Slave. Tazama vipimo vyetu. Marinda yale yalifanya kazi alipotembea, na hilo lilionekana alipopanda jukwaani. Rangi ilikuwa ya utulivu kwa mtu ambaye angeweza kuwa mwenye shughuli au asiwe. Na kwa maneno machache alilipa gauni jina, tena jina ambalo mbunifu wa Milan asingeweza kulitoa kwake. Miaka kumi baadaye, mwaka 2024, alirudi hapo hapo na gauni la Armani la buluu hafifu, na watu wakaelewa bila kuambiwa. Jina lilikuwa limeshika.

Katikati ya hayo kuna gauni la 2015, la Calvin Klein, lililotungwa kwa lulu zipatazo 6,000. Siku chache baada ya sherehe liliibwa katika hoteli moja, likapatikana baadaye humo humo hotelini. Habari zilizotoka zilisema kwamba aliyelichukua alikuwa amezipima lulu akakuta ni za bandia. Mwizi naye alikuwa hakimu, ila alitumia mizani ya sonara. Kama lulu zingekuwa za kweli, gauni lisingeongezeka hata chembe: kazi ilikuwa katika kuzitunga zifuate mwili bila kuuelemea, na kazi hiyo ilikuwa ya kweli.

Sasa natoa alama nilizoziahidi. Gauni la lulu napata shida nalo kwenye shughuli. Mwaka huo Lupita hakuwa mteule. Alikuja kumkabidhi mwenzake tuzo, kama mgeni anayeleta zawadi ukumbini. Kwa kazi ya mikono nalipa alama zote, kwa shughuli nalipunguzia nusu, maana mleta zawadi aling'aa kuliko mpokeaji. La buluu la 2014 silipunguzii kitu.