Ngozi Isiyooza: Sayansi na Ufundi wa Mwanzo wa Kazi ya Ngozi Mkoani Katavi

Ngozi ya mbuzi ikitupwa nyuma ya nyumba asubuhi, jioni huanza kunuka, na baada ya siku chache manyoya yake hung'oka yenyewe. Ngozi hiyohiyo ikipita mikononi mwa fundi ajuaye kazi yake, huwa mkanda au kiatu kitakachodumu miaka mingi. Tofauti ya hali hizi mbili si siri ya ukoo wala bahati ya mtu. Ni kanuni za kemia, ambazo mwanafunzi wa sekondari aweza kuzifuata hatua kwa hatua.

Katika Mkoa wa Katavi jambo hili lina uzito wake. Kwa muda mrefu nchi hiyo ya miombo ilikuwa na ng'ombe wachache, kwa sababu mbung'o waliozagaa porini walieneza nagana. Katika miongo iliyofuata miaka ya 1970 wafugaji, hasa Wasukuma, walihamia huko na makundi yao. Mkoa wenyewe ulitengwa na Rukwa mwaka 2012, makao makuu yakiwa Mpanda. Mifugo imeongezeka, lakini ngozi isiyotunzwa vema saa za kwanza baada ya kuchinja hupoteza thamani yake, na hakuna kiwanda kiwezacho kuirudishia.

Ngozi ni nini?

Ngozi mbichi ina tabaka tatu. Juu kuna tabaka jembamba lenye manyoya. Chini kuna nyama na mafuta. Katikati kuna tabaka nene la nyuzi za protini iitwayo kolajeni, zilizosukana kama nyuzi za mkeka. Tabaka hili la katikati ndilo litakiwalo na fundi. Zaidi ya nusu ya uzito wa ngozi mbichi ni maji, na penye maji na protini bakteria hustawi upesi.

Kusindika ngozi ni kuingiza kati ya nyuzi hizo kitu kitakachozishikamanisha, ili bakteria wasiweze kuzila wala maji kuzilegeza. Kitu cha asili kifanyacho kazi hiyo ni tanini, ipatikanayo katika magome na matunda ya miti mingi. Ni hiyo tanini ikazayo ulimi mtu anywapo chai kali. Njia ya chumvi za kromi, iliyopewa hataza nchini Marekani mwaka 1884 kwa jina la Augustus Schultz, hufanya kazi upesi zaidi, lakini taka zake zahitaji mitambo ya kuzisafisha. Haifai kwa anayejifunza shuleni au nyumbani.

Tahadhari kabla ya kisu

Mnyama aliyekufa ghafla, hasa akitokwa damu puani au mdomoni, asichunwe kamwe. Huenda ameuawa na kimeta, na vijidudu vyake huweza kukaa udongoni miaka mingi na kumwambukiza mtu ashikaye ngozi. Mzoga kama huo haufunguliwi. Aitwe mganga wa mifugo. Tena, kwa kuwa Katavi ina hifadhi ya taifa, yafaa vijana wajue kwamba kumiliki ngozi ya mnyama wa porini bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.

Hatua za kusindika

Kwa mwanzo, ngozi moja ya mbuzi yatosha. Mnyama achunwe kwa kisu chenye ncha ya mviringo, na palipo rahisi ngozi isukumwe kwa ngumi, kwa maana kila tundu la kisu hupunguza thamani. Kama haitashughulikiwa siku hiyo, ipakwe chumvi upande wa nyama, kiasi cha theluthi ya uzito wake, au iwambwe kwenye fremu ya miti na kukaushwa kivulini. Ikianikwa juani, kolajeni yake hupikika, na sehemu hizo huyeyuka mara ziingiapo majini.

Baada ya kulowekwa siku moja au mbili katika maji safi, ngozi hutiwa katika pipa la plastiki lenye maji lita 20 na chokaa iliyozimwa kilo 1. Hukorogwa kila siku mpaka manyoya yang'oke kwa kuvutwa kwa vidole. Aghalabu hilo huchukua siku tatu hadi tano. Chokaa huunguza ngozi ya mtu na macho, basi glavu za mpira ni za lazima. Kisha ngozi hulazwa juu ya gogo laini. Manyoya na mabaki ya nyama huondolewa kwa kisu butu.

Sasa chokaa yapasa kutolewa. Ngozi huoshwa kwa maji mengi, kisha hulowekwa katika maji ya pumba za mahindi yaliyochachuka kidogo. Hapa maabara ya shule husaidia: hukatwa kipande ukingoni, na penye mkato hudondoshewa fenolfthaleini. Rangi ya waridi ikitokea, chokaa ingalimo.

Ndipo hufuata magome. Yasichukuliwe kwa kuuzungushia mti mkato, kwa kuwa chakula kitokacho majanini hushuka mizizini kupitia tishu zilizo ndani ya gome, na mti uliozungushiwa mkato hufa. Yatumike magome ya miti iliyokwisha kukatwa kwa halali, au maganda ya matunda ya mgunga, ambayo huokotwa bila kuudhuru mti. Huko Njombe magome ya miwati, ambayo zaidi ya asilimia 30 ya uzito wake huweza kuwa tanini, yalianzishiwa mashamba na kampuni iliyoundwa mwaka 1949.

Magome hupondwa na kulowekwa katika maji ya moto. Ngozi huanzishwa katika maji mepesi, na nguvu huongezwa kila baada ya siku chache. Yakianza makali, sehemu ya nje hukaza na kuizuia tanini isifike ndani. Baada ya wiki mbili au tatu hukatwa kipande chembamba: rangi ikiwa moja toka upande huu hadi ule, kazi imekwisha, ukionekana mstari mweupe katikati, bado. Chombo kisiwe cha chuma, kwa sababu tanini ikutanapo na chuma hugeuka nyeusi. Mwalimu aweza kuonyesha jambo hilo kwa msumari wenye kutu na chai kali.

Mwisho ngozi huoshwa, hupakwa mafuta ya karanga au ya mbarika ikiwa bado na unyevu, na hukaushwa polepole kivulini huku ikivutwa juu ya ukingo wa ubao ili ilainike.

Kushona

Kazi ya kwanza iwe ndogo, kwa mfano mfuko wa kisu au wa fedha. Mashimo hutobolewa kwa msharasi, yakiachana milimita 4 au 5. Uzi hupakwa nta ya nyuki, ambayo wilaya ya Mlele, hasa Inyonga, yajulikana kwayo. Urefu wake uwe mara nne ya mshono. Sindano mbili hufungwa, moja kila ncha, na zote mbili hupita katika kila tundu kutoka pande zinazokabiliana. Katika mshono wa cherehani nyuzi mbili hunasana tu, na mmoja ukikatika mwingine hulegea. Katika mshono huu uzi mmoja ukikatika, wa pili hubaki umeshika.

Maji machafu

Maji ya chokaa na ya chumvi yasimwagwe mtoni. Mto Katuma, uingiao katika Hifadhi ya Katavi, hupungua sana wakati wa kiangazi, na viboko na mamba hukusanyika katika madimbwi machache yabakiayo. Maji hayo yamwagwe katika shimo lililo mbali na kisima. Magome yaliyotumika yatandazwe bustanini.

Shule yenye pipa moja, gogo na msharasi yaweza kuanza kazi hii kwa ngozi ya mbuzi mmoja. Mwanafunzi atakayeuona mstari mweupe ukitoweka katikati ya kipande chake atakuwa ameielewa tanini kwa macho yake mwenyewe, na ngozi moja zaidi itakuwa imeokolewa isioze.