Kinywa Kikavu na Meza ya Bwana

Saratani ya kinywa inapotibiwa kwa mionzi, tezi za mate huweza kudhurika kwa miaka mingi. Kinywa hukauka, taya hukaza, kumeza huwa kazi. Kwa ndugu yetu anayerejea Haneti kutoka Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kiangazi kirefu cha Dodoma huongeza adha hiyo.

Nyumbani tumsaidie. Anywe maji kidogo kidogo siku nzima. Apikiwe ugali laini kwa mlenda, ambao huteleza kooni. Afanye mazoezi ya taya aliyoelekezwa. Asing'olewe jino kabla ya kumweleza daktari wa meno kwamba alipata mionzi, kwani mfupa wa taya huweza kushindwa kupona.

Huenda pia akaacha kukomunika, akihofu hostia itamnata kinywani. Asihofu. Kipande kidogo cha hostia chatosha, naye anaweza kunywa maji mara moja baada yake. Kanuni ya 925 ya Sheria za Kanisa yaruhusu, panapo lazima, Komunyo kwa umbo la divai peke yake. Kristo yumo mzima. Maji na dawa havivunji mfungo wa Ekaristi, na kanuni ya 919 yawaruhusu wagonjwa pamoja na wanaowauguza kukomunika hata kama wamekula ndani ya saa moja iliyotangulia.

Basi, azungumze na Paroko kabla ya Misa. Nasi katika Jumuiya Ndogo Ndogo tusisubiri atuombe msaada, maana kusema kwenyewe kwaweza kumwia vigumu. Tumwendee.