Miti ya Waya na Njia za Kwenda Ziwani

Mtu anayetaka kuunda mti kwa waya, udongo au karatasi hana budi kwanza kutembea mahali penye miti, akaitazama. Hapo ndipo vijana wa Karagita wanapokwama.

Mtaa huo wa Naivasha, ulio kando ya barabara ya Moi South Lake, umezungukwa na mimea; lakini mingi ni mawaridi yaliyopangwa mistari ndani ya vibanda vya plastiki. Mfanyakazi anayeyakata tangu alfajiri hulipima shina kwa jicho tu. Ujuzi huo si haba, ila waridi la kuuzwa ng'ambo halimfundishi mtu jinsi tawi linavyojipinda likitafuta jua.

Mwalimu wa jambo hilo ni mgunga wa ufuoni. Ganda lake ni la manjano yenye ukijani, na ukilipangusa hukuachia unga kidoleni. Miiba yake myeupe hukaa miwili miwili. Wazungu wa kwanza waliuita mti wa homa, wakidhani ndio uletao malaria. Kumbe ni mbu wa vinamasi unamopenda kuota. Tangu ziwa lilipofurika mwaka 2020, migunga mingi imekufa ikiwa imesimama majini, matawi yamebaki wazi, na minandi hutua juu yake. Kwa mchongaji, mti usio na majani ni somo lililofunuliwa.

Sasa tazama kazi yenyewe. Fundi huchukua, tuseme, nyuzi 48 za waya, akazisokota kuwa shina. Afikapo penye panda huzigawa, 28 huku na 20 kule, kisha hugawa tena na tena hadi ubaki uzi mmoja mmoja. Hakuna uzi unaoongezwa wala kupotea. Leonardo da Vinci aliandika, yapata miaka 500 iliyopita, kwamba unene wa matawi yote ukijumlishwa hulingana na unene wa shina. Kijana wa Karagita asiyemjua Leonardo ataipata kanuni hiyo mikononi mwake.

Mafunjo nayo huwaumbua wavivu. Asiyeyashika huyafanyia shina la mviringo; aliyefika ziwani anajua kwamba lina pembe tatu.

Wapo wanaong'oa visiki vya leleshwa na kuviuza kama mapambo. Siungi mkono biashara hiyo. Waya mkuukuu hauachi shimo mlimani.

Lakini atatembea wapi kijana huyu? Sehemu kubwa ya ufuo imo ndani ya mashamba na hoteli za watu binafsi, na forodha ya umma ya Karagita imesongwa na shughuli za samaki. Mbuga ya Hell's Gate, iliyotengwa mwaka 1984, ni miongoni mwa chache nchini ambamo mtu huruhusiwa kutembea kwa miguu, ila kiingilio hulipwa. Joy Adamson, aliyetunukiwa nishani ya dhahabu ya Grenfell mwaka 1947 kwa michoro yake ya mimea, alikuja baadaye kuishi Elsamere, papo hapo kando ya ziwa. Yeye hakuhitaji kuomba njia.

Ombi langu kwa Serikali ya Kaunti ya Nakuru ni dogo: njia za umma za kwenda ziwani zipimwe, ziwekewe alama na ziachwe wazi. Nao wasimamizi wa mbuga wawafungulie lango wanafunzi wa Karagita siku moja kila mwezi bila malipo, kila mmoja na daftari lake na kipande cha waya.