Mshangao Kwanza, Toba Baadaye

Muumini akilalamika kwamba ibada haimgusi tena, jibu halikawii: ongezeni spika, nunueni kinanda kipya, iteni kwaya ya mjini. Sina ugomvi na muziki. Ila naona tunahangaika na sauti wakati tatizo mara nyingi liko kwenye mpangilio: lipi linatangulia, lipi linafuata, na mtu anapata wapi nafasi ya kushangaa kabla hajaambiwa la kufanya.

Isaya, sura ya 6, haanzi kwa kuungama. Anaona kwanza: kiti cha enzi kilichoinuka, pindo la vazi limejaza hekalu, maserafi wamefunika nyuso, vizingiti vinatikisika, moshi umetanda. Hapo ndipo anapojitambua kuwa ni mtu mwenye midomo michafu. Kaa la moto linafuata, kisha kutumwa. Hakuna aliyemsomea orodha ya makosa yake. Toba yake imezaliwa na alichokiona.

Sasa twende Kongo. Tarehe 30 Aprili 1988, Roma iliidhinisha utaratibu wa Misa kwa majimbo ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, kazi ya miaka mingi ambayo Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa aliipigania. Wengi wanaujua kwa ngoma zake, na kwa mapadri wanaoizunguka altare wakicheza wakati wa wimbo wa Utukufu. Mimi linanivutia zaidi lile lisilopigwa picha. Katika Misa ya Kiroma tuliyoizoea, tendo la toba liko mwanzoni kabisa, wengine wakiwa bado wanatafuta nafasi kwenye benchi. Katika utaratibu wa Kongo limesogezwa. Kwanza wanaitwa watakatifu, na pamoja nao mababu walioishi kwa moyo mnyofu. Utukufu unaimbwa na kuchezwa. Injili inasikilizwa watu wakiwa wameketi. Baada ya mahubiri na Kanuni ya Imani ndipo waamini wanaungama, wananyunyiziwa maji, wanapeana amani. Kisha matoleo yanaelekea altareni. Ni njia ile ile ya Isaya.

Na wale mababu si pambo. Aliyetajiwa waliomtangulia hawezi tena kujiona mwenye nyumba. Ni mgeni aliyefika amechelewa, karamu imeshaanza.

Wapo wanaohofia kwamba ngoma itageuka onyesho, hasa tangu Papa Fransisko aongoze Misa hiyo ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro tarehe 1 Desemba 2019 na ulimwengu ukaitazama. Hofu hiyo ina msingi. Lakini anayecheza kuizunguka altare ana kitu katikati kinachomzidi. Anayecheza jukwaani akiwaelekea watazamaji, katikati amebaki yeye.

Makanisa yetu mengine hayawezi kujipangia liturujia upya, wala hayahitaji; yanaweza kuanza na kimya. Huko Taizé, Ufaransa, jumuiya iliyoanzishwa na Bruda Roger mwaka 1940 huimba vifungu vifupi kwa kurudiarudia, na katikati ya sala huachwa kimya cha dakika kadhaa bila mtu kukijaza. Kwetu, neno likishasomwa, mhubiri anadaka kipaza sauti papo hapo. Akimaliza, zinafuata taarifa za harusi, za michango ya ujenzi, na mnada wa ndizi na kuku. Mnada una faida zake, na ndizi zinanunuliwa kweli. Lakini mnada huo ungeweza kusubiri nje, baada ya baraka.